Jinsi ya Kumngoja Daktari Bila Kusalimu Amri

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeandikiwa "saa mbili asubuhi" kwenye kadi yake ya kliniki, akaamini. Umetungwa Mji wa Kale, Mombasa, chini ya kuta za Ngome ya Yesu, kwa kuwa sijui pahali pengine katika pwani hii ambapo watu wamengoja kwa bidii kama hapo. Tarehe 13 Machi 1696 majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Omani yaliizingira ngome. Waliokuwa ndani, Wareno wachache na watu wengi wa pwani waliokuwa upande wao, wakakaa kuitazama bahari, wakingoja merikebu za msaada kutoka Goa. Walingoja mpaka 13 Desemba 1698. Miezi 33 kamili. Wewe uliyefika na jua la asubuhi, na sasa yaadhiniwa adhuhuri, bado hujaanza.

Nitautumia mzingiro huo kama kitabu cha mafunzo, maana kila kosa lifanywalo kwenye benchi la hospitali lilishafanywa ngomeni, tena na watu wenye mizinga. Hospitali zenyewe sizitaji. Mimi pia nina kadi ya kliniki, na faili langu liko mikononi mwa watu.

Kwanza ifahamu hiyo saa mbili. Si saa ya kumwona daktari. Ni saa yako ya kuanza kungoja, na wenzio wote mlangoni wameandikiwa hiyo hiyo. Lina elimu yake jambo hili. Mwaka 1952 mtakwimu wa Kiingereza, Norman Bailey, alizichunguza foleni za wagonjwa wa nje, akitaka kupunguza kungoja kwao bila kumfanya daktari akae bure. Ushauri wake ulikuwa mwepesi: mlango ukifunguliwa wawepo wagonjwa wawili, kisha waitwe mmoja mmoja kwa kadiri ya muda ambao daktari humchukua kila mtu. Yule wa pili ni wa akiba, endapo wa kwanza atachelewa. Kwetu ushauri huo ulipokewa kwa moyo mkunjufu mno. Badala ya mmoja wa akiba tumeweka Kibokoni nzima, na Kuze yaja nyuma.

Ukishafahamu hivyo, funga masurufu. Ngome haikuangushwa na mizinga peke yake. Njaa na maradhi vilifanya kazi kubwa zaidi, hata siku ya mwisho ndani walibaki kapteni, watu tisa na padri mmoja. Basi usitoke nyumbani na pochi na kitambulisho tu. Mahamri yanafaa sana, kwani hayana mchuzi na hata yakipoa hayalalamiki. Mbaazi ni za mtu mwenye mkono mtulivu. Tui la nazi likishamwagikia faili, daktari atasoma ugonjwa mwingine. Viazi karai vyataka ukwaju, na ukwaju wataka meza, kwa hivyo viache njiani. Kaukau usilete kabisa: ukitafuna husikii nambari yako ikiitwa. Kahawa itakuja yenyewe, maana muuza kahawa na dele lake haogopi geti lolote, na vikombe vyake vikilia utaona hata wagonjwa mahututi wageuza shingo.

Kuna mmoja ambaye fungu hili halimhusu, naye ni yule aliyeambiwa aje na tumbo tupu kupimwa sukari. Huyu amefunga tangu usiku, akaahidiwa kutolewa damu mapema, na "mapema" yenyewe imepita mbele yake ikienda zake. Ndugu yangu, usikae karibu na mwenye mahamri. Sina ushauri mwingine.

Kuhusu simu. Tangu 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa imehama kutoka NHIF, tuliyoizoea tangu 1966, ikawa SHA, na kuitumia dirishani huenda ukahitaji alama ya kidole au nambari ya siri iletwayo kwa simu. Kwa hivyo njoo na chaji, njoo na laini iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, si ile ya shemeji yako aliyeko Jeddah. Na ukiambiwa sistimu imelala, usiulize imelala tangu lini. Ukaribie ukuta upate pa kuegemea.

Sasa tuingie kwenye kosa kubwa, nalo ni kutegemea mtu wa ndani. Kila familia ya Mombasa ina binamu ambaye "ajuana na mtu pale hospitali". Utampigia, atakwambia kaa hapo hapo, ashapiga simu. Mwaka 1697 ngome nayo ililetewa binamu wa namna hii: manowari ya mizinga, Santo António de Tanna, iliyotoka Goa kuja kuokoa watu. Ilifika kweli. Iliingia mpaka mbele ya ngome, watu wakaiona kwa macho yao, na mwezi wa Oktoba ikazama pale pale. Ikalala chini ya maji karibu miaka 280 kabla wapiga mbizi wa kiakiolojia kuifanyia kazi kuanzia 1977, na vitu vyake leo vimo katika makumbusho ya ngome. Nenda kavitazame kabla ya kumpigia binamu. Mtu wa ndani huonekana mlangoni, hukupungia mkono, kisha hazuki tena, na wewe wakati huo umeshamwachia mwingine nafasi yako kwa kiburi.

Merikebu nyingine za msaada zilifika Desemba 1698, siku chache baada ya ngome kutekwa. Mabaharia wakainua macho wakaiona bendera ya Omani juu ya buruji, wakageuza. Hili ni fundisho la msalani. Utakaa kuanzia asubuhi pasi na kuitwa, na dakika utakayokwenda haja ndogo ndiyo nambari yako itakayosomwa. Ukirudi, bendera imebadilika. Dawa yake ni Bwana Daud. Wareno wa ngomeni walipokwisha kufa mwaka 1697, aliyeshika amri ni huyu Bwana Daud wa Faza, akaendelea kuilinda ngome ambayo hata si yake. Kila mgonjwa anamhitaji Bwana Daud wake: mtu wa kushika nafasi, kujibu jina, na kusema kwa sauti kavu, "Yupo, ameenda hapo tu."

Kwa uzoefu wangu Bwana Daud bora kuliko wote ni bibi mwenye buibui aliyekaa karibu na mlango wa daktari. Usimpite kama samani. Mwamkie, "Shikamoo, bibi," naye atakujibu, "Marahaba mwanangu, keti," na hapo hapo atakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Jibu swali hilo kwa ukamilifu. Taja baba, taja babu, taja mtaa, na kama mama yako ni wa Lamu sema upesi. Kabla ya nambari kumi kuitwa atakuwa amegundua kwamba nyanya yako na khalati yake walinyonya ziwa moja, na tangu dakika hiyo nafasi yako italindwa kuliko benki. Atakwambia pia daktari yupi hupima na yupi huandika tu, dirisha lipi la dawa hufunguliwa kwanza, na yule kijana wa kule mwisho hana ugonjwa, amefuata karatasi ya kupeleka kazini.

Sista usimuulize daktari atakuja saa ngapi. Si kwamba atakasirika. Tatizo ni kwamba atakujibu. Akisema "yuwaja", daktari bado yuko nyumbani Nyali, funguo za gari hajazishika. Akisema "yuko njiani", yuwaoga. "Yuko wadi" laweza kuwa kweli tupu, na likiwa kweli mwombee dua, kwa kuwa huyo mmoja ndiye wa wadi, ndiye wa kliniki, na huenda usiku kucha alikuwa chumba cha upasuaji. "Ameshaingia" ndilo la kuogopwa zaidi: ameingia getini, na kati ya geti na wewe kuna chai. Hata hivyo ukisikia "yuwaja" shukuru. Madaktari wa hospitali za umma nchini waligoma siku 100 kuanzia 5 Desemba 2016, wakagoma tena siku 56 mwaka 2024, na siku hizo hakukuwa na wa kuja. Ulizo linalofaa ni hili: "Sabalkheri, dadangu, sasa yuko nambari ngapi?" Hilo lina jibu, na jibu lina hesabu, na hesabu yatuliza moyo.

Yatuliza kweli, si mzaha. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja wa biashara, David Maister, aliandika juu ya saikolojia ya foleni akasema kungoja usikojua mwisho wake huonekana kurefu kuliko kungoja kwenye kikomo, na kukaa bure huonekana kurefu kuliko kukaa na shughuli. Ngome ingemfundisha hayo pasipo karatasi. Kuanzia 1895 mpaka 1958 ilikuwa jela, na mfungwa aliyekaa mle aliijua siku yake ya kutoka. Mgonjwa wa benchi hana fadhila hiyo. Wa mwisho kwenye foleni hajui kama daktari ataondoka saa saba, na akiondoka kama atarudi.

Lakini mtazame mtu huyo huyo jioni, Ndia Kuu, juu ya baraza la nyumba ya jirani. Amekaa tangu alasiri hata isha, mgongo ukutani, mguu mmoja juu ya jiwe, na baraza hilo ni gumu kuliko benchi lolote la serikali. Hasemi amechoka. Haangalii saa. Ukimwambia aondoke, atakuuliza kuna nini. Tofauti yote ni kwamba barazani hakuahidiwa kitu. Basi kazi yako hospitalini ni kuligeuza benchi liwe baraza, na uifanye mapema, kabla watu hawajanuna. Siasa za kaunti zaanzisha vizuri lakini huishia kwa matusi. Ligi ya Uingereza ni salama asubuhi za Jumatatu, isipokuwa kwa mashabiki wa Arsenal wenye presha, ambao huenda wamekuja kwa sababu hiyo. Maradhi yenyewe ndiyo mazungumzo bora: kila mtu ana lake, na kila mtu ana dawa ya la mwenzake. Utarudi nyumbani umeshaagiziwa mvuje, habasoda, asali na mafuta ya samaki, yote bila kumwona daktari.

Mazungumzo yakikauka, inua macho usome ukuta. Taasisi za umma hapa Kenya hubandika bango la ahadi za huduma, lenye safu zake: huduma, mahitaji, ada, muda. Safu ya muda isome polepole, ni fasihi. Na usidhani jadi hii ni mpya. Juu ya lango la Ngome ya Yesu pana maandishi ya 1635 ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, yatangazayo kwamba alipewa ukapteni akiwa na miaka 27, akaijenga upya ngome na kuitiisha pwani yote. Kusoma bango lisemalo mambo mazuri huku umesimama mlangoni ni desturi ya mji huu ya miaka karibu 400.

Hapa naacha kejeli kidogo. Mwenye maumivu ya kifua, anayeshindwa kupumua, mtoto anayetukutika kwa homa, mjamzito anayevuja damu: hawa hawakai kwenye benchi wala hawaulizi nani wa mwisho. Watu na wapaze sauti, wapelekwe idara ya dharura mara moja. Adabu ya foleni haiwahusu.

Ukishaitwa, simama bila kujinyoosha sana, usije ukaonekana mzima. Kumbuka muda wa ndani ni mchache. Uchunguzi uliochapishwa 2017 katika jarida la BMJ Open, uliokusanya habari za nchi 67, ulikuta mgonjwa wa Bangladesh akikaa na daktari wastani wa sekunde 48, na wa Sweden dakika 22 na nusu. Katika nchi 18 zenye kama nusu ya watu wa dunia, haikuzidi dakika tano. Usijihesabu kuwa Mswidi. Usianze na "daktari, mambo yenyewe yalianza mwaka wa mvua za El Niño." Sema paumapo, tangu lini, na dawa unazotumia, na ule mwarubaini wa kuchemsha uutaje pia. Yafanyie mazoezi ukiwa nje, bibi akusahihishe.

Daktari atakuandikia karatasi ya maabara. Maabara ina benchi lake. Majibu yakitoka utarudi kwa daktari, kwenye benchi la kwanza, kisha dirisha la dawa, ambako dawa mbili zipo na ya tatu, iliyo ghali, ukanunue nje. Usishangae. Wareno nao waliirudia ngome 1728, wakaishika, na 1729 wakafukuzwa tena.

Mwishowe sista atakuandikia tarehe ya kurudi, na saa: mbili asubuhi. Bibi wa buibui ameandikiwa tarehe hiyo hiyo, na kijana wa karatasi ya kazini pia, na yule aliyekuwa amefunga. Basi msiagane kabla ya kugawana kazi. Mahamri alete bibi. Mbaazi alete mwenye mkono mtulivu. Kijana, kwa kuwa hana ugonjwa, aje alfajiri kushika benchi.