Namna ya Kubisha Vizuri Habari za Mapafu

Ukitaka kubisha kwamba korona huacha madhara kifuani, bisha. Mkazi wa Ruziba, Burundi, ana sababu zake. Wagonjwa wawili wa kwanza wa Burundi walitangazwa tarehe 31 Machi 2020. Mei 12 serikali ikaandika barua ya kumfukuza mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani na wenzake watatu, na siku nane baadaye watu wakapanga foleni kupiga kura, baada ya mikutano ya kampeni iliyofurika. Juni 30 rais mpya, Évariste Ndayishimiye, akasema korona ndiyo adui mkubwa wa nchi. Raia aliyeyasikia yote hayo ndani ya miezi mitatu ana haki ya kuuliza amwamini nani.

Ila kubisha ni kazi. Anayekaa kivulini kando ya barabara ya Rumonge na kumwambia jirani yake, "Wewe si ulishapona, mbona unahema?" bado hajaianza.

Aanze kwa kubisha hesabu ya waliopona. Februari 2021 waziri wa afya, Thaddée Ndikumana, alisema chanjo hazijahitajika bado kwa kuwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa wanapona. Hesabu hiyo inakwambia nani hakufa. Haikwambii nani anaweza tena kubeba gunia la mkaa.

Kisha usimpime mtu akiwa ameketi. Aliyeumia mapafu anaweza kukaa kwenye benchi akiongea vizuri, na kipimo cha kidoleni kikaonyesha oksijeni ya kutosha, lakini akitembea inashuka. Ndiyo maana madaktari wana kipimo cha dakika sita: mgonjwa anatembea mahali tambarare, umbali unapimwa, oksijeni inaangaliwa mwanzo na mwisho. Usimkimbize jirani sokoni ili kumuumbua. Mpeleke kituo cha afya, mhudumu awepo.

Picha nayo ina mambo yake. Eksirei ya kawaida inaweza kutoka safi huku makovu membamba yakiwemo. Skana huyaona vizuri zaidi. Hapa mbishi ana hoja ya kweli, na nampa: wapo wengi waliougua kidogo tu, skana yao haina kitu, na bado pumzi inakata. Kutoonekana kovu hakumfanyi mtu mwongo. Pumzi hutegemea pia moyo, misuli na mishipa midogo ya damu. Na wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyopita; anayetangaza kwamba kila aliyeugua ameharibika naye abishiwe.

Ushahidi wa muda mrefu upo. Wahudumu wa afya walioambukizwa SARS, ndugu wa korona, hospitalini Beijing mwaka 2003 walifuatiliwa kwa miaka 15. Makovu yao yalipungua mwaka wa kwanza, kisha yaliyobaki yakakaa palepale hadi 2018. Wala hatuhitaji kwenda Beijing. Mzee aliyemaliza dawa za kifua kikuu, vijidudu vikaisha, akabaki na pumzi fupi, haambiwi na mtu kwamba anajifanya. Kwa nini aliyeugua korona anyimwe heshima hiyo?

Mwisho, bisha hata na mgonjwa mwenyewe, kwa upole. Huenda si korona. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu, ambacho dawa zake hutolewa bure. Moshi wa mkaa ndani ya nyumba, pumu na moyo kushindwa kazi navyo hukata pumzi. Sababu hizi zote hujulikana kwa kupima, si kwa kubishana.

Kwa hiyo, ndugu yangu mbishi, kama jirani yako bado anahema miezi mitatu baada ya kuugua, mpokee gunia lake, lifikishe kwake, kesho mfuatane kwa daktari. Majibu yakitoka, tutabishana tukiwa na kitu mkononi.