Mpenzi wa Filamu na Usiku wa Oscar

Tuzo za Oscar hutolewa Los Angeles, Marekani, siku ya Jumapili, mara nyingi mwezi Machi. Kwa mpenzi wa filamu aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, shughuli hiyo siku hizi huanza saa nane au saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, ikitegemea kama Wamarekani wameshasogeza saa zao mbele. Mtihani wake wa kwanza, basi, si wa sanaa, ni wa kuamka. Simu haifuati saa za Kiswahili: anayetega kengele saa tisa huku anasinzia ataamshwa saa tatu asubuhi, washindi wakiwa kwenye sherehe na bosi akiwa ameshapiga simu.

Aliyefanikiwa kuamka bado ana watu wa nyumbani. Kukesha kwa ajili ya mpira kunaeleweka. Kukesha kuwatazama watu wenye suti wakiwashukuru mawakala wao kunahitaji maelezo, na usiku wa manane maelezo hayapokelewi vizuri. Televisheni hupunguzwa sauti mpaka ikabaki midomo tu. Anayetazama kwa simu ana adha yake: bahasha inafunguliwa, mtangazaji anavuta pumzi, na kiduara kinaanza kuzunguka. Kikiacha, mtu asiyemjua analia jukwaani, na bando limekwisha.

Haikuwa hivyo tangu awali. Hafla ya kwanza, tarehe 16 Mei 1929 katika Hoteli ya Hollywood Roosevelt, ilichukua kama dakika 15, na washindi walikuwa wameshajulikana miezi mitatu kabla. Ile ya mwaka 2002 ilizidi saa nne. Katikati ya tarehe hizo mbili dunia iligundua hotuba za shukrani.

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, ni wa ladha. Mpenzi wa filamu wa Afrika Mashariki mara nyingi amesomea kibanda umiza, penye benchi la mbao, joto, na sauti ya mtu anayetafsiri filamu na kuongeza ya kwake. Kanuni ya kwanza ya chuo hicho ni kwamba stelingi hafi. Akademia ya Marekani inayotoa tuzo hizi ina kanuni tofauti, na ushahidi upo. Filamu Bora ya mwaka 1996 ilikuwa Braveheart: stelingi anauawa mbele ya halaiki. Mwaka 1998 Titanic ilichukua tuzo 11: stelingi anaganda baharini. Mwaka 2001 ikawa zamu ya Gladiator: stelingi anakata roho uwanjani, na mwigizaji wake, Russell Crowe, anapewa tuzo kwa kufa vizuri. Hata Rocky iliyoshinda mwaka 1977, ambamo stelingi anabaki hai, inaishia kwa yeye kushindwa kwa pointi. Jackie Chan, ambaye kwa miaka mingi aliruka maghorofa bila kufa, alisubiri hadi mwaka 2016 akapewa Oscar ya heshima, tena katika hafla ya pembeni ya mwezi Novemba.

Kabla ya usiku wenyewe huja msimu wa utabiri. Hapa mpenzi wa filamu hujiamini kupita kiasi, kwa sababu nyingi ya filamu anazozipigia debe ameziona kwa trela tu, na baadhi hazijafika sinema yoyote iliyo karibu naye. Hilo halimzuii kuwalaumu wapiga kura kwamba hawatazami filamu. Lawama hiyo haikuwa ya bure: mwaka 2025 Akademia ilitangaza kanuni ya kuwalazimisha wanachama wake kutazama filamu zote zinazowania tuzo katika kipengele fulani kabla ya kupiga kura ya mwisho humo. Kanuni hiyo haimhusu mpenzi wa filamu, na hajaomba imhusu.

Mambo hubadilika kabisa pale nyumbani panapotajwa. Mwaka 2006 filamu ya Darwin's Nightmare, inayohusu biashara ya sangara wa Ziwa Viktoria kule Mwanza, iliteuliwa kuwania tuzo ya filamu ndefu ya hali halisi. Ilikuwa imeichora Mwanza vibaya, kiasi kwamba baadaye mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani, hivyo usiku wa tuzo shabiki mzalendo alikuwa na kazi ngumu ya kuamua aiombee ishinde au ishindwe. Akademia ikamwamulia: sangara walibwagwa na pengwini, maana tuzo ilikwenda kwa March of the Penguins. Mwaka 2018 Watu Wote, filamu fupi ya wanafunzi wa Ujerumani kuhusu abiria Waislamu waliowakinga Wakristo katika basi kaskazini mwa Kenya, nayo ilifika fainali na kukosa. Wimbo wa Hakuna Matata uliteuliwa mwaka 1995 ukapigwa na wimbo mwingine wa filamu hiyohiyo, The Lion King, msiba ambao hauna wa kulaumiwa.

Kisha kuna Lupita Nyong'o. Aliposhinda tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike kwa 12 Years a Slave, Kenya ilikuwa imeingia Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014. Kufikia saa nne asubuhi ilikuwa vigumu kumpata Mkenya asiyewahi kusoma na binamu yake. Wameksiko nao walidai ni wao, kwa kuwa alizaliwa Mexico City, na madai yao yalikuwa na cheti. Hiyo ndiyo Oscar pekee ambayo hata waliokuwa wamelala wanaikumbuka vizuri.

Hatari kubwa zaidi ya kukesha ni kuondoka mapema. Mwaka 2017 Warren Beatty na Faye Dunaway walipewa bahasha isiyo yenyewe wakaitangaza La La Land kuwa Filamu Bora. Watayarishaji walishapanda jukwaani na kuanza kushukuru ndipo ikabainika kuwa mshindi ni Moonlight. Afrika Mashariki ilikuwa saa mbili asubuhi, wakati wa daladala na matatu. Aliyezima televisheni baada ya tangazo la kwanza alifika kazini na habari ya uongo aliyoiona kwa macho yake mwenyewe, akaitetea mpaka chai ya saa nne. Mwaka 2022 aliyesinzia kwa muda alikosa kofi la Will Smith kwa Chris Rock, akazinduka kumwona Smith huyohuyo akipokea tuzo ya mwigizaji bora huku analia, na akadhani ni furaha.

Ule ugomvi wa stelingi umeanza kusikilizwa. Mwaka 2025 Akademia ilitangaza tuzo mpya ya ubunifu wa matukio ya hatari, yaani mapigano, kuruka maghorofa na kugonganisha magari. Itatolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2028, katika hafla ya 100, kwa filamu zitakazotoka 2027. Katika kipengele hicho wahitimu wa kibanda umiza hawahitaji mchambuzi wa kuwafundisha. Ni Akademia ndiyo iliyochelewa.