Kabla Hujashika Kishikwambi, Keti

Keti kwanza. Tafuta kochi, mkeka, kigoda, hata ndoo iliyopinduliwa, ukishatulia ndipo uguse kishikwambi. Hiyo ndiyo kanuni ninayompa kila anayeniuliza anunue kishikwambi au abaki na simujanja yake. Wengi hucheka, lakini siwatanii. Tarehe 27 Januari 2010, Steve Jobs alipoitambulisha iPad ya kwanza kule San Francisco, jukwaani paliwekwa kochi. Akaketi, akaipakata, akaanza kuperuzi. Miaka 3 kabla ya hapo aliitambulisha iPhone akiwa amesimama. Simu ile ilikuwa na kioo cha inchi 3.5, iPad ilikuwa na inchi 9.7 na uzito wa karibu gramu 700. Mwenye mali alikwishatuonyesha matumizi siku ya kwanza: simu ni ya aliyesimama, kishikwambi ni cha aliyeketi.

Tuanze na safari. Namna ya kutumia kishikwambi ndani ya daladala la Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni ni kukiacha ndani ya begi. Mkono mmoja umeshika bomba, wa pili una nauli, na konda anataka usogee nyuma ambako hakuna nafasi. Simu hapo inajimudu: inakaa kiganjani, kidole gumba kinajibu ujumbe, kioo kinarudi mfukoni kabla ya kituo. Kishikwambi kinadai mikono miwili, na mikono yako imekwisha.

Kulipa nako, lipa kwa simu. Vishikwambi vya Wi-Fi pekee havina tundu la laini, na menyu ya *150*00# haipiti kwenye intaneti, inapita kwenye mtandao wa simu. Hata vile vyenye laini si vyote vinavyokusaidia. iPad ya laini huitumia kwa data tu, haina pa kubonyeza namba ukapiga. Jirani yangu aliuza simu yake ili aongezee fedha za kishikwambi, na muuzaji akamwitikia kwamba hiki kinafanya kila kitu. Jioni ileile alibisha hodi kwangu kuomba simu anunue umeme. Wiki mbili baadaye WhatsApp aliyoiunganisha kutoka simu ya zamani ikamtoa, kwa sababu kifaa kilichounganishwa hukatwa simu yenye akaunti isipofunguliwa kwa siku 14. Ilinisikitisha, maana kosa halikuwa lake. Aliuliza swali sahihi dukani akapewa jibu la kuuzia. Kwa hiyo usiuze simu ununue kishikwambi. Kama fedha ni ya kifaa kimoja, nunua simu.

Harusini, kishikwambi kibaki nyumbani kabisa. Ukikiinua juu ya kichwa ukumbini umewainulia sinia walio nyuma yako. Mwaka jana safu yetu nzima ilimwona bibi harusi akiingia, akiwa mdogo kama kidole, ndani ya kioo cha kishikwambi cha mjomba wake. Bibi harusi mwenyewe alipita mita tatu kutoka tulipokaa.

Sasa tuje kwenye kusoma, ambako kishikwambi kinastahili heshima yote. Watu hulinganisha inchi 6.5 za simu na inchi 10.1 za kishikwambi wakaona tofauti ndogo. Inchi hizo hupimwa kutoka kona hadi kona. Ukizidisha urefu kwa upana, simu hiyo ina karibu inchi 16 za mraba na kishikwambi karibu 46, takriban mara tatu. Chukua karatasi ya mtihani wa zamani iliyopigwa chapa kwenye A4, ambayo upana wake ni sentimita 21. Kioo cha simu iliyosimamishwa hakifiki sentimita 7, kwa hiyo herufi ya pointi 12 inasinyaa hadi pointi 4. Kwenye kishikwambi chenye upana wa sentimita 13 na ushee, herufi hiyohiyo inabaki na karibu pointi 8, saizi ambayo macho yamezoea gazetini.

Nilimwangalia mpwa wangu wa kidato cha nne akifanya swali la grafu kwa simu. Anatanua kwa vidole viwili, anaburuta kulia kusoma mwisho wa mstari, anaburuta kushoto kuanza mwingine. Akiipata grafu, swali limetoka juu. Akirudi kwenye swali, ameshasahau ule mstari ulikata mhimili wapi. Dakika ishirini hivi, na hesabu bado hajaigusa. Nikamwekea karatasi ileile kwenye kishikwambi, nikakiegemeza kwenye kopo la sukari. Swali juu, grafu chini, daftari pembeni, kalamu mkononi. Alikaa kimya, na kwa mtoto yule kimya ni habari njema. Mzazi mwenye kijana wa mtihani asiyeweza kuchapisha karatasi kila siku, nakusihi: kama simu ipo tayari nyumbani, fedha inayofuata iende kwenye kishikwambi, hata kilichotumika, mradi kioo ni kizima na betri inakaa.

Ila linda bando. Video iliyoonekana safi kwenye simu inakuwa ukungu ikitandazwa kwenye kioo kikubwa, mkono unakwenda wenyewe kupandisha ubora, na bando la wiki linaisha Jumanne. Unapokirushia kishikwambi intaneti kutoka kwenye simu, shusha ubora wa video kwanza, kisha mkabidhi mtoto. Mpangilio huo ni muhimu.

Aliyetumia vifaa hivi viwili sawasawa kuliko wote niliowahi kuwaona ni karani wa Sensa aliyefika kwetu Agosti 2022. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Ilipoita, aliongea na msimamizi wake akitembea uani. Kishikwambi kilikuwa kwenye mkoba. Hakukitoa mlangoni. Alisalimia, akaomba kigoda, akaketi, akakilaza juu ya magoti, ndipo akaanza na jina la mkuu wa kaya.

Bibi yangu alikuwa wa pili kuhojiwa siku ile, na tangu hapo akawa anakiulizia kile kibao. Yeye ana mwanawe Muscat. Kwa simu, mazungumzo yao ya video yalikuwa ya masikitiko: bibi akiisogeza sikioni, mwanawe anaona nywele, akiishusha, anaona paji la uso na dari. Mkono ukichoka, simu inakatwa, na bibi anabaki akisema hajamwona vizuri.

Siku hizi Ijumaa baada ya chakula tunakiweka kishikwambi juu ya meza fupi, mgongo kwenye kopo lilelile la sukari. Bibi anaketi mkekani na ungo wake. Haangalii kioo muda wote, wala hana haja. Anapepeta mchele, anachambua chuya, anauliza kama joto la huko limepungua, anasimulia mbuzi wa jirani alivyoingia bustanini. Wajukuu wanapita nyuma yake, kila mmoja anainama kusalimia, na wote wanaenea kwenye picha. Kule Muscat mjomba naye amekiegemeza cha kwake, anakatakata vitunguu. Wanaweza kukaa hivyo dakika nzima hakuna anayesema neno, zinasikika tu punje zikirukaruka kwenye ungo na kisu kikigonga ubao.