Embe Linalojua Adabu

Waaustria tuwahurumie. Kwao hauoti hata mkakao mmoja, lakini mwaka 1890 Paul Fürst, mwokaji keki wa Salzburg, akaviringisha kidonge cha lozi na pistashio, akakivika nugati, akakichoma kijiti na kukichovya katika chokoleti. Kijiti kikachomolewa, tundu likazibwa, mlaji asijue. Kisha akakipa jina la Mozart, marehemu wa miaka 99, ambaye hakuwahi kukionja. Warithi wa Fürst wakaishia mahakamani kugombea nani aandike “halisi” kwenye karatasi. Aibu iliyoje!

Sisi wa Makueni na Kitui tumelelewa. Ngowe, embe letu, ikiiva haisumbuliwi na vijiti. Dalali huja na gunia lake na bei yake, na zinazobaki hulala chini ya mti, karibu na jamaa zao. Asali ya Mwingi tunaitia katika chupa kuukuu ya soda, kizibo gunzi la hindi. Utamu wa kweli haujipambi. Na Krismasi, maembe yakidondoka paani usiku kucha, vijana wanashuka kutoka Nairobi na zawadi za maana: peremende za ng’ambo, ladha ya embe.