Baba Mkwe na Vidonge vya Mwaa wa Florida

Mwenzangu uliyejaliwa wakwe, wewe utanielewa haraka. Mkwe akija kukaa kwako, kuna mambo huwezi kumuuliza, na la kwanza ni safari zake za msalani. Baba mkwe wangu alitoka Pangani kuja kutukalia hapa Florida, na tangu alipofika nikawa namsikia usiku: mlango, kandambili, maji, kandambili, mlango. Nikipitiwa na usingizi kidogo, zinaanza tena. Nikamwambia mke wangu, ambaye humu ndani tunamwita Waziri kwa kuwa wizara zote anazo yeye. Akanijibu, "Mimi binti yake, nitaanzia wapi kumuuliza?" Basi tukawa tunakesha watatu, mmoja njiani na wawili kitandani.

Habari zikamfikia shemeji, mdogo wake Waziri. Huyu jina lake la nyumbani ni Dokta Simu, maana chuo chake cha udaktari kimo mfukoni na kinahitaji kuchajiwa kila jioni. Kesho yake akaja na chupa ya vidonge vya saw palmetto, vile vinavyosifiwa kwa tezi dume, akamkabidhi Mzee kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Yeye mwenyewe huvimeza kwa ajili ya kipara, na anaapa nywele zinarudi. Nimemtazama utosini mchana kweupe, bado nazisubiri. Jamaa mmoja tunayeswali naye anasema tangu aanze kuvitumia analala hadi alfajiri. Mwingine vilimvuruga tumbo akaviacha. Wa tatu vilimuuma kichwa. Sina shaka na hata mmoja wao. Kila mtu alisema alichokisikia mwilini mwake.

Mzee naye hakukawia kutoa taarifa. Miguu imekuwa myepesi. Hamu ya kula imerudi, ingawa mimi niliyekuwa nanunua samaki sikuona ilipokwenda. Mama mkwe, aliyekuja naye na ambaye wajukuu wanamwita Bibi Redio, akatangaza mpaka Tanga kwa simu kwamba hata kukoroma kumepungua. Na kweli, kandambili zikapungua usiku. Waziri akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Taabu ilianza Mzee alipojua kwamba mti wa tunda linalotengenezewa vidonge hivyo unaota nyuma ya nyumba. Mti huu ni wa huku huku, kusini-mashariki mwa Marekani, na Florida umejaa hadi kando ya barabara. Ni mfupi, majani yake kama kipepeo cha kupepea moto, na mtu wa pwani akiuona mara ya kwanza anasema ni mwaa. Mzee alisema hivyo hivyo, akashangaa tunanunua kwenye chupa kitu kinachoanguka chini bure. Nikamweleza kwamba kichaka si chetu, kwamba nyoka wenye sumu hujificha humo, na dubu weusi wa jimbo hili huyategemea matunda hayo kwa chakula. Nikaongeza kwamba tangu 2018 anayechuma kwa kuuza lazima awe na kibali cha serikali ya jimbo. Mzee akajibu, "Mimi siuzi, baba." Unabishana vipi na mkwe anayekuita baba?

Alirudi na mfuko umejaa matunda yaliyoiva, meusi kama zambarau, na mikono imechanika, kwa sababu vikonyo vya majani yake vina meno ya msumeno. Akayamimina kwenye sufuria ya pilau ya Waziri, ile iliyosafirishwa kutoka Dar, akawasha moto. Harufu yake sijui niielezeje kwa mtu aliyekwisha kula. Mwaka 1696 meli ilivunjika pwani ya huku, na abiria wenye njaa walipewa matunda haya na wenyeji. Mmoja wao, Jonathan Dickinson, aliandika kwamba hakuna aliyeweza kuyavumilia mdomoni. Hao walikuwa na njaa. Sisi tulikuwa tumeshiba, tukafungua madirisha yote, na jirani wa juu akashuka kuuliza kama kuna mtu amefariki.

Na kwa kule kuchemsha, Mzee alikuwa anapoteza gesi tu. Kinachotafutwa katika tunda hili ni mafuta yake, na mafuta hayatoki vizuri kwa maji. Viwandani huyakamua kwa spiriti au kwa kemikali nyingine. Nilimweleza. Alikunywa hata hivyo, akasema tumbo limefunguka.

Usiku huo ndipo nilipokaa nikasoma, maana nampenda mzee huyu na tezi dume si jambo la kubahatisha. Mwaka 2006 wanaume 225 walifuatiliwa Marekani kwa mwaka mzima, nusu wakipewa dondoo ya tunda hili na nusu vidonge bandia visivyo na dawa. Hapakuwa na tofauti. Mwaka 2011 ukatoka utafiti mwingine, wanaume 369, na dozi ikapandishwa hadi mara tatu ya kawaida. Hapakuwa na tofauti tena. Lakini kilichonigusa ni hiki: katika utafiti huo wa pili, waliomeza vidonge bandia nao walipata nafuu. Ugonjwa huu una siku zake za kupanda na kushuka, na mtu hukimbilia dawa siku ukiwa juu kabisa. Ukishuka, sifa huchukua chupa iliyokuwa mezani.

Madaktari wana maswali saba ya kupima hali hii, kila moja alama hadi tano, jumla 35. Nani amuulize Mzee? Tukamtuma Idi, mwanangu mdogo, kwa sababu mjukuu na babu ni watani na hakuna lisilosemeka baina yao. Nikawasikia ukumbini wanacheka mpaka Mzee anakohoa. Idi akaja na karatasi: alama 21. Kuanzia 20 huhesabiwa kuwa hali kali. Waziri alisoma, akafungua pochi, na asubuhi tukawa kwa daktari, bima ya safari mkononi.

Mengi yakajulikana huko. Mzee alikuwa anameza usiku dawa ya presha, ile ya kutoa maji mwilini; ikahamishiwa asubuhi. Akapimwa, damu ikachukuliwa, majibu yakawa ya kheri, tezi imekua tu. Akaandikiwa tamsulosin. Alipoulizwa kama anatumia kitu kingine, alikana, na Bibi Redio akaichomoa chupa kwenye mkoba wake mbele ya daktari. Kisha akatoa na siri yake: tangu wiki ile ya vidonge alikuwa akificha birika la chai baada ya magharibi, kwa kuwa alikuwa amechoka kuamshwa. Kumbe zile kandambili alizipunguza yeye.

Mzee sasa analala. Anasema ni mwaa wa Florida, na nyumba nzima imekubaliana naye. Mimi nimebaki upinzani peke yangu. Jana kwenye kufunga mizigo akaagiza chupa za wazee wenzake wa barazani Pangani, na Waziri akapitisha bajeti bila mjadala. Niliomba kitu kimoja tu. Idi akakaa chini na kalamu nene, akaandika juu ya kila chupa: "Hospitali kwanza. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari." Bibi Redio akasimama nyuma yake hadi alipoongeza mstari wa tatu: "Chai mwisho magharibi."