Barua ya Wazi kwa Afande Msemaji wa Zimamoto

Afande,

Pokea salamu na pongezi. Moto wa soko unaweza kuwahenyesha vijana wako usiku kucha, lakini habari yake wewe unaizima kabla ya saa 4 asubuhi, tena kwa sentensi tatu: kikosi kilifika kwa wakati, moto umedhibitiwa, chanzo kinachunguzwa. (Ukiwa na haraka unadokeza hitilafu ya umeme, maana umeme hauendi mahakamani kujitetea.) Mwandishi anafunga daftari, mwenye duka anabaki na majivu, na taarifa inawekwa akiba hadi soko jingine liungue. Kitakachobadilishwa ni jina la mahali tu.

Shida ni kwamba habari ukiizima hivyo, wanaoungua ni watu wako. Mtaani kuna usemi usiokufa: zimamoto wamekuja bila maji. Ukweli, nawe unaujua kuliko mimi, ni hesabu ya darasa la nne. Gari lenye lita 5,000, likirusha lita 500 kwa dakika, hukauka baada ya dakika 10. Hapo askari wanaanza kusaka bomba la maji la zimamoto, ambalo huenda limefukiwa na lami au limejengewa kibanda cha chipsi. Anayetazama kutoka ng'ambo ya barabara haioni hesabu hiyo. Anaona mpira uliolegea. Aliyejenga kibanda na aliyempa kibali huenda wamo humo humo kwenye kundi linalozomea, na wewe mwenye kipaza sauti hukuwagusa. Lawama yote inamwangukia kijana aliyeshika mpira.

Utasema uchunguzi usiingiliwe. Sawa, chanzo waachie wataalamu, hata wachukue mwaka. Lakini saa ambayo simu ya 114 iliita, saa gari lilipofika, lita lilizobeba na mahali lilikokwenda kujaza tena havihitaji maabara. Utasema pia kwamba kuanika mambo hayo kutalivunjia jeshi heshima. Tazama London. Jengo la Grenfell liliungua Juni 14, 2017, wakafa watu 72. Ripoti ya uchunguzi ya Oktoba 2019 ilitaja mpaka dakika: simu ya kwanza ilipigwa saa 6:54 usiku, wakazi wakaambiwa wabaki ndani, na ushauri huo ukaja kufutwa saa 8:47, ilhali uamuzi wa kuwatoa ulipaswa kufanywa kati ya saa 7:30 na 7:50. Sijui ni aibu gani inaizidi hiyo. Hata hivyo kikosi kile kipo, kimebadili taratibu zake za kuwatoa watu maghorofani, na jiji likiwaka ndicho kinachoitwa.

Kwa hiyo sikuombi taarifa ndefu, Afande. Ile ile ya sentensi tatu inatosha. Ila pale palipoandikwa "kwa wakati", futa, andika saa ngapi.