Mvule wa Mfalme Korongo

Inasimuliwa kwamba katika ufalme mmoja wa ndege, nyuma ya milima saba, palikuwa na bonde lililostawi hata likavuta ndege kutoka kila pembe ya nyika. Na kwa kuwa miti yote ilikuwa na wenyewe, wageni waliokuja kutafuta riziki walijisitiri kwenye matete ya ukingo wa mto, kiota juu ya kiota, na kila masika mafuriko yakawakuta juu ya mayai.

Mfalme Korongo alipoyaona hayo alisikitika, na sikitiko lake lilikuwa la kweli, si haki kumnyima sifa hiyo. Akaamuru kwamba katika kila punje 100 atakazookota ndege, punje moja na nusu iende ghalani kwa mfalme, ili wajengewe viota imara vya bei nafuu juu ya mvule. Mnana na shomoro wakatoa, maana nani asiyependa kulala pakavu?

Kazi ya kupanga bei ikakabidhiwa baraza la wenye hekima, na hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Walipima chakula cha tai, wakapima cha shomoro, wakajumlisha, wakagawa kwa mbili, kisha wakaandika kwamba ndege wa bonde lile, kwa wastani, hula nusu mzoga kwa siku. Bei ikapangwa kwa kipimo hicho, na kila aliyeitazama kutoka barazani aliiona ya huruma. Hakuna aliyeteremka hadi kwenye matete kumtafuta huyo mla nusu mzoga, naye hakuwapo: walikuwapo tai, na walikuwapo shomoro.

Siku ya mgao mnana mmoja mjane, aliyezoea kujikuna mkono unapofika, alikwenda kwa karani na punje tano zilizokunjwa ndani ya jani la mtama. Akaambiwa amana ni fungu la kumi la bei, yaani punje 600. Akazihesabu tena zile tano, akalikunja jani, akauliza kama alizokatwa miezi yote ile hazimo katika hesabu. Karani akamjibu kwamba zile zilikuwa za ujenzi.

Kunguru, mwenye viota viwili tayari, alilipia vinne siku hiyohiyo. Mwewe akachukua vitano. Matete yakafyekwa kupisha njia ya kuuendea mvule, na waliofukuzwa humo wakawa wapangaji wa kunguru, familia tatu kiota kimoja, kodi ikipanda kila msimu. Mjane yule, fundi wa kusuka asiye na mfano bondeni, mchana alikarabati viota vya mwewe na usiku akalala kwenye mizizi.

Baraza lilipoketi tena, mzee wa shomoro alisimama akasema: "Ewe mfalme, kipimo kianze na sisi tutakaolala humo. Na laiti tungepewa hati ya ukingo wetu, tuta la kuzuia mto na maji safi, viota tungesuka wenyewe, kwani mafundi tunao."

Bundi, mkuu wa hesabu, akafungua daftari. Mwaka ule tai walikuwa wamekula vizuri zaidi, akasema, kwa hiyo wastani umepanda, na ndege wa bondeni sasa wana uwezo. Akapendekeza bei iongezwe.